Neno la Utosini

Mtaa mzima ulimwita Mzee Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Alipewa na wateja waliochoka kusubiri. Ukiingia kwenye duka lake la kunyolea na haraka zako, ole wako! Angekulowesha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, akikande, akipake povu, anoe wembe kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa ukutani, kisha aanze ukosini polepole kama anayemenya yai la moto. Mwanawe, aliyefanya kazi kwenye kiti cha pili, walimwita Chapchap. Huyo alikuwa na mashine ya umeme, na kabla hujamaliza kumsalimia ameshakupangusa poda anaita mwingine.

Kitu kimoja tu kiliwafananisha. Kila mmoja akimaliza kichwa, aliweka kiganja utosini mwa mteja na kusema, "Nenda kwa amani." Mzee alianza kuyasema maneno hayo tangu alipobatizwa, akiwa mtu mzima tayari, tena mgomvi aliyejulikana kwa ngumi zake. Siku ile aliahidi mbele ya Mungu kwamba mikono yake haitamdhuru mtu tena. Basi ikawa hawezi kumwachia mtu kichwa chake bila neno lile. "Nisiposema, sijanyoa," aliwaambia waliomtania. Chapchap aliyapata maneno hayo pamoja na kazi yenyewe, tangu enzi za kusimama juu ya kigoda ili afikie vichwa vya watu, na kwake hayakupishana na kupangusa poda. Ungemwuliza maana yake, angekucheka. Kanisani kwenyewe alikuwa haendi mpaka pawe na harusi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, wanasema; lakini wapo wanaovukuta maisha yao yote bila kuuliza kinachofuliwa ni jembe au ni mkuki.

Jumamosi jioni walifunga mlango wakanyoana. Kinyozi hajinyoi, na wahenga waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Tangu mkewe afariki, kichwa cha Mzee hakikuguswa na mkono mwingine ila wa mwanawe. Siku hiyo Chapchap aliiweka mashine kando, akashika wembe wa babaye, na kwa mara moja katika juma zima akawa naye mtaratibu. Hawakuongea mengi. Lakini mtu asikudanganye: ile ndiyo ilikuwa furaha ya yule mzee, na juma lake lote lilikuwa safari ya kurudi kwenye kiti kile.

Basi vita vikaja. Havikufika mtaani; vilikuwa huko mpakani, na huku kwetu vilifika kwa redio. Ghafla kila mtu akawa jemadari. Muuza mkaa anakueleza mlima gani utekwe kwanza, fundi viatu anakuchorea ramani kwa mkaa huohuo, na wote wawili wana magoti mabovu, hawapandi hata ngazi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kisha malori yakaanza kuegesha kwenye uwanja ulio mwisho wa mtaa, kukusanya vijana, na ikatoka amri kwamba hapandi mtu lori na nywele zake.

Afande mwenye malori akaingia kwa Mzee Taratibu. Alikuwa na adabu zake, tusimwonee.

"Shikamoo, Mzee. Nina vijana wangu hapo nje. Nataka vichwa vyote viwe vipara kabla jua halijazama."

"Marahaba, mwanangu. Wanakwenda wapi?"

"Si unajua wanakokwenda."

"Basi mimi sitawanyoa."

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaanza kutazama viatu vyao. Afande akadhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Mimi nikimaliza kichwa cha mtu namwambia, nenda kwa amani," Mzee akasema, huku akiendelea kunoa wembe. "Siwezi kumwambia hivyo mtu ninayemwandaa kwenda kuua. Nitakuwa nimemdanganya yeye, na Mungu naye yupo anasikia."

Afande akacheka. "Ni hilo tu? Basi waambie, nenda kwa ushindi. Maneno ni maneno, Mzee."

"Kwako wewe."

"Haya, nyoa kimya!"

"Nikinyamaza sijanyoa."

Kicheko kikamwishia Afande. Akatazama kuta, akatazama kioo kirefu chenye ufa pembeni, akatazama mlango, kama mtu anayepima mahali pa kugongea kufuli. Chapchap akaona macho yale. Akachomoa mashine yake kwenye umeme.

"Afande, mimi nitawanyoa. Nyumba ya hapo uwanjani watanipa umeme. Twende."

Mzee akageuka. Chapchap akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, wewe shika dini, mimi nishike duka. Wakitufungia, tutakula amani?" Akakibeba kiti chake cha pili mabegani, akasimama mlangoni akingoja, kama alivyozoea kungoja neno la babaye kabla ya kutoka.

"Nenda," akasema Mzee. Hakuongeza kitu.

Chapchap akangoja kidogo tena, kisha akaenda.

Yaliyotokea uwanjani Mzee hakuyaona. Alisimuliwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, fundi cherehani aliyekuwa na kibanda chake ng'ambo ya barabara, mwanamke ambaye hakuna jambo la mtaa lililompita. Alisema Chapchap alimkalisha wa kwanza, mashine ikalia, nywele zikadondoka, kisha kiganja utosini: "Nenda kwa amani. Mwingine!" Hata yeye mwenyewe hakusikia alichosema. Akaja wa pili, wa tatu, vivyo hivyo. Watu wakaanza kuchekana. Akaja kijana mmoja mrefu, mwembamba, shingo kama ya korongo, aliyekuwa akilia kimyakimya tangu kwenye foleni. Chapchap akamnyoa, akamwekea kiganja. "Nenda kwa amani. Mwingine!"

Yule kijana akainuka. Akamtazama kinyozi. Kisha, badala ya kwenda kwenye lori, akashika njia ya kwao.

"Wewe!" Afande akapaza sauti. "Unakwenda wapi?"

"Naenda nyumbani," Korongo akajibu, na hakuwa akifanya mzaha hata kidogo. "Kinyozi kaniambia niende kwa amani."

Lo! Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Walicheka akina mama waliokuja kuaga, wakacheka askari wenyewe, na wawili kwenye foleni wakaanza kutoka nao, wamfuate mwenzao. Ni Afande peke yake asiyecheka. Korongo akarudishwa kwa kushikwa ukosi wa shati. Chapchap akajitetea: "Afande, ni mazoea tu, wallahi. Ulimi umeteleza." Lakini heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Walimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, wakamnyoa kwa mashine yake mwenyewe, wakampandisha lori lilelile kando ya Korongo.

Mzee aliposikia kelele alitoka mbio na taulo begani. Alikuta vumbi. Kiti kilikuwa katikati ya uwanja, kimezungukwa na nywele za watoto wa watu, na katika nywele zile zilikuwamo za wa kwake, na hakuweza kuzitambua. Akakibeba kiti, akakirudisha mahali pake mbele ya kioo.

Mtaa ukamhama. Sisemi walimtukana, afadhali wangemtukana, mtu hujua pa kujibu. Walimpita. Muuza mkaa alivuka barabara asisalimiane naye. Wateja walikwenda kunyolewa kwa mwingine, kule sokoni, na waliorudi walipita mbele ya mlango wake wakimgeuzia visogo vipya. Asubuhi Mzee alichemsha maji, akatandaza taulo, akanoa wembe usiokuwa na kazi, na jioni akayamwaga maji yaliyopoa. Mchana alijikuta akiongea na kiti cha pili. "Leo jua kali," anakiambia. Kiti kimya.

Kanisani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, maana huko alitegemea ndugu. Mchungaji aliomba kwamba majeshi yetu yashinde na adui wasambaratike, na watu wote wakaitikia amina iliyotikisa mabati. Mzee hakuitikia. Alikaa amefumba macho, midomo imebana, na wote waliokuwa kwenye benchi lake wakasikia jinsi alivyonyamaza. Jumapili iliyofuata benchi lile lilikuwa lake peke yake. Mchungaji alimvuta pembeni.

"Mzee wangu, Mungu anaujua moyo wako. Lakini watu wana watoto wao kule. Amani yako inawaumiza."

"Na mimi nina mtoto kule, Mchungaji."

"Ndiyo," akasema Mchungaji, "ndiyo, kweli," na akaona mtu wa kwenda kumsalimu.

Nywele zake zikaota. Zilianza kama vumbi jeupe, zikawa manyoya, zikaziba masikio. Kinyozi mwenye kichwa kama kile, nani atamwamini? Shemeji yake alivuka barabara na mkasi wa kukatia vitambaa.

"Shemeji, umekuwa kichaka. Ndege watataga humo. Kaa nikupunguze."

"Mwenye kichwa hiki yuko kambini," Mzee akasema.

"Na asiporudi?"

Mzee akammiminia chai. Shemeji akajuta kuuliza, akakaa naye mpaka chai ikaisha. Ndiye pekee aliyeingia mle ndani kwa siku nyingi, na hata yeye alikuwa akitupa macho mlangoni aone ni nani anayemwona.

Siku moja mlango ukafunguka, akaingia Afande. Mzee alisimama ghafla hadi bakuli la povu likaanguka.

"Kaa, Mzee. Hajafa." Afande naye akakaa kwenye benchi, akavua kofia, na bila kofia alionekana mdogo kuliko alivyodhaniwa. "Mwanao kaniweka pabaya. Nilimpa bunduki, akaiweka chini. Hakuitupa, hakunitukana, aliiweka chini taratibu, kama mzigo wa mtu mwingine. Na yule Korongo wake akaiweka ya kwake pembeni."

"Chapchap?" Mzee akauliza, maana hakuamini. "Mwanangu mimi?"

"Huyohuyo. Sasa sikiliza. Mimi mwenyewe nilimsikia siku ile akisema ulimi uliteleza. Asimame tu mbele ya wenzake aseme hivyohivyo, kwamba aliteleza, hakumaanisha, na mimi namrudisha nyumbani siku hiyohiyo. Sina haja naye. Lakini hataki. Na wakubwa wakija kumchukua, anakwenda gereza la jeshi, mbali, na huko mimi sina sauti. Miaka, Mzee. Wewe ni baba yake. Njoo uongee naye."

Mzee alifunga duka. Njia nzima, kwenye kiti cha mbele cha gari la Afande, alisali. Alimwomba Mungu jambo ambalo alijua haliombwi: kwamba mwanawe awe mwoga.

Walikuwa wamemfungia kwenye stoo ya vyakula iliyokuwa haina vyakula, chumba chenye dirisha dogo juu, mkeka, ndoo, na kikombe cha bati. Askari akabaki mlangoni. Chapchap akainuka. Alikuwa amekonda, kipara chake kimeanza kuchipua vinywele vya kukwaruza, na akamtazama babaye kwa muda, macho yakimpanda kichwani.

"Baba! Kichwa gani hicho? Umelitia aibu duka."

Wakacheka wote wawili, kisha Mzee akaanza kulia, na hakujificha.

"Sema, mwanangu," akasema. "Sema waliyokwambia. Wala si uongo. Uliteleza kweli. Mungu mwenyewe anajua uliteleza."

"Unaniambia hivyo wewe?"

"Nakwambia mimi. Mimi niliyekataa. Nilidhani nikikataa nitalipa mimi. Sikujua bili italetwa kwako." Akamshika mkono. "Nimechoka na ule ukimya. Hakuna anayeingia. Naongea na kiti, mwanangu. Sema neno hilo moja, twende nyumbani."

Chapchap akakaa juu ya mkeka, akamvuta babaye akae kando yake.

"Kweli niliteleza," akasema. "Siku ile ningeapa kwa chochote. Lakini kwenye lori walinikalisha na yule Korongo. Alikuwa anatetemeka mpaka meno. Akaniuliza, 'Kaka, ulimaanisha?' Nikamwambia nilimaanisha. Nilisema ili anyamaze tu, Baba, usinione mtakatifu. Na akanyamaza. Akaniegemea begani akalala. Basi walipogawa bunduki, kabla hajapokea ya kwake, alinitazama mimi kwanza. Angalia balaa hilo! Mtu mzima anakutazama wewe, mnyoa vichwa, akuone utafanya nini." Akajipapasa kipara. "Nikaiweka chini. Mikono haikukubali. Nilijiona nimesimama dukani na sijamaliza kunyoa."

"Yuko wapi?"

Chapchap akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Upande wa pili ukagongwa vilevile, mara moja, haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja.

"Nikienda kusema niliteleza," akasema, "yeye atakuwa alimwamini nani?"

Mzee Taratibu alitafuta jibu. Alikuwa na maandiko mengi kichwani, alikuwa na ubaba wake, alikuwa na kile kiti kitupu, na hakuna hata kimoja kilichofaa. Alitaka kujivunia mwanawe, akashindwa. Alichokijua ni kwamba ombi lake la njiani lilikuwa limekataliwa, na kwamba atarudi nyumbani peke yake.

"Leo Jumamosi, si ndiyo?" Chapchap akauliza.

"Jumamosi."

"Basi geuka."

Mzee akageuka, akampa kisogo. Chapchap akachota maji ya ndoo kwa kikombe cha bati, akammiminia kichwani kidogokidogo, akimkinga macho kwa kiganja. Akakikanda kile kichaka cha mvi. Hakuwa na povu, hakuwa na wembe. Nani angempa wembe mle? Akatumia ukingo wa kidole gumba. Akaanzia ukosini, akapanda, akasuza kidole kwenye kikombe, akaanzia tena, mstari kwa mstari, nyuma ya sikio hili, nyuma ya sikio lile. Hakuharakisha hata kidogo. Mzee alifumba macho, na maji yakampita shingoni yakaingia ndani ya shati.

"Muda umekwisha," askari akasema.

"Ngoja, ndugu yangu," Chapchap akamjibu. "Sijamaliza."

Na askari akangoja.

Kisha kiganja kikatua utosini, kikatulia. Mzee akajua kinachokuja, akatamani kisije, maana neno lile likishasemwa mteja huinuka.

"Nenda kwa amani, Baba."

Mzee akainuka kwa kushika ukuta. Akageuka, akaweka kiganja chake juu ya vile vinywele vya kukwaruza.

"Kwa amani," akasema. "Siku ile nilikubakizia."

Nje, Afande alikuwa akizunguka gari lake. Alipomwona akamjia haraka.

"Vipi, Mzee? Amesema?"

"Amesema."

"Ahsante Mungu! Amesema nini?"

"Ameniambia niende kwa amani."

Afande akakitazama kile kichwa cha mvi kilichokuwa kikichuruzika maji, akafungua mlango wa gari. Alitaka kumrudisha nyumbani. Mzee akakataa, akasema atatembea. Akaenda polepole, taratibu kama jina lake, na mtaani alifika jua likiwa bado kidogo kuzama, maji yameshakauka. Muuza mkaa alimwona akavuka barabara kama kawaida. Shemeji yake alisimama kwenye kibanda chake na cherehani imenyamaza, akatazama nyuma ya Mzee kama kuna mtu wa pili anayekuja, akaona barabara tupu, akajua.

Mzee akafungua duka. Akakipangusa kiti cha pili, akakikalia, mbele ya kile kioo chenye ufa.

Shemeji alivuka. Safari hii hakutazama nani anamwona. Alikuja na mkasi wake mkononi. "Sasa kaa hivyohivyo nikupunguze, shemeji," akasema kwa upole. "Utangoja mpaka lini?"

"La, ahsante," akasema Mzee Taratibu, akijitazama kwenye kioo, kichaka kilekile, mvi zilezile hadi masikioni. "Nimeshanyolewa."